Jua la Siku za Matanga

Watu wakisema mvua ni neema, mimi hunyamaza. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba anayenyamaza huitwa mwenye busara na anayebisha huitwa mchawi, basi nanyamaza. Lakini moyoni nauliza: neema kwa nani? Mvua haina macho. Inaweza kumnyweshea tajiri kahawa yake huko Mbozi, na siku hiyo hiyo ikamwozeshea maskini njegere zake huku Ileje, na Jumapili wote wawili wakaimba wimbo mmoja kanisani.

Nilizaliwa kwenye milima ya Ileje, juu ya Isongole, zama za Mwingereza. Ukisimama mlangoni kwetu uliona bonde la mto Songwe, na ng'ambo ya mto ilikuwa Nyasaland, alikotoka mama yangu. Baba alimtolea ng'ombe, akamvusha mto, akamjengea nyumba kwenye kiwanja cha babu. Mdogo wangu wa kike alikuwa bado ananyonya wakati baba alipokwenda migodini, Rhodesia ya Kaskazini, pamoja na vijana wengine wa kwetu. Wenzake walirudi, wakaenda tena, wakarudi na baiskeli. Baba alituma blanketi kwa mkono wa mtu, jekundu lenye mistari myeusi, na baada ya hapo hatukusikia kitu. Wengine walisema ameoa huko. Wengine walisema mgodi umemla. Mama aliyasikia yote na kuendelea kuchekecha unga wake.

Miaka ikapita hivyo. Kila chakula kilipopungua kwetu, tulichota kwenye kihenge cha baba mkubwa, kaka yake baba. Hakuwa mtu mbaya, na nasema hivyo ingawa hadi leo sijamsamehe. Alikuwa na watoto wake wengi na mgongo unaouma, na alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo kila mwenye shida alianzia mlangoni kwake. Mwaka ninaousimulia, mahindi yetu yalipigwa na mvua ya mawe yakiwa ndiyo kwanza yanatoa ndevu. Tulitoka nje baada ya mvua kupita tukakuta majani yamechanwa vipande vipande, yananing'inia. Maharage nayo yakashikwa na ubaridi, yakageuka meusi kabla hayajajaza maganda. Baba mkubwa akaja, akatembea shambani mwetu mikono nyuma, akatoka. Jioni tukaitwa kwa babu.

"Sisemi kwa ubaya," baba mkubwa alisema mbele ya ukoo. "Lakini kihenge changu si kisima. Kama mwaka huu nyumba ya mdogo wangu haikuvuna cha kuiweka hai, watoto nitawagawa kwenye nyumba za ukoo wapate kula. Ng'ombe tulitoa, watoto ni wetu. Shemeji atarudi kwa kaka zake ng'ambo, mpaka mumewe atakapoonekana."

Mama alikuwa ameketi nje, nyuma ya ukuta. Kwetu mkamwana hamtazami mkwe wake usoni wala hasemi naye, kwa hiyo hata kesi yake mwenyewe aliisikilizia nje pamoja na kuku. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikiwaona wote wawili, mama huku na babu kule. Nilisubiri babu aseme kwamba jambo hilo haliwezekani. Hakusema hivyo. Babu alikohoa kwanza, maana hakuwahi kusema jambo bila kukohoa kwanza.

"Njegere bado," akasema. "Hapa kwetu hakuna anayehukumu shamba kabla ya njegere. Subirini njegere."

Basi maisha yetu yakaingia kwenye njegere.

Mtu wa bondeni hawezi kujua njegere ni kitu gani kwa watu wa milimani. Tulizipanda mvua zikielekea ukingoni, zikanywa unyevu wa mwisho wa ardhi na umande wa usiku, zikakomaa kwenye kipupwe wakati mazao mengine yote yamekwisha toka shambani. Zikikauka vizuri, zinakaa kihengeni mpaka mvua nyingine, hazibunguliwi na wadudu upesi kama maharage. Na zilikuwa na masharti yake. Asubuhi zinataka umande, kwa sababu ukizing'oa zikiwa kavu maganda yanapasuka na punje zinamwagika chini, unabaki na majani ya kumlisha ng'ombe. Mchana zinataka jua kali, zikauke uwanjani uzipige kwa fimbo. Alasiri zinataka upepo wa kupepetea. Mama alikuwa akisema njegere ni kama mke wa pili: asubuhi anataka hiki, mchana kile, jioni kingine, na ukimkosesha kimoja tu anabeba vyake anaondoka.

Mwaka ule zilikubali. Zilitoa maua meupe mlima mzima, zikabeba, zikajaza. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tukizila mbichi tukilinda ndege, na mama akitupigia kelele kutoka chini, "Mnakula kihenge! Mnakula kihenge!" lakini sauti yake ilikuwa ya kicheko, na kicheko cha mama hatukuwa tumekisikia siku nyingi. Alikisiriba kihenge chetu upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Uwanja wa kupuria akaupiga lipu mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza kuku walipita. Majirani wakamtania kwamba anautengeneza uwanja kama vile bwana harusi anakuja.

Babu naye alikuwa akiziangalia. Kwa vile hakuweza kusema na mama, alikuja kusimama nyuma ya jiko letu akaanza kusema na mimi kwa sauti ya kumwamsha aliye ng'ambo ya mto.

"Mjukuu wangu! Mwambie mama yako, zile za upande wa juu zimeanza kugeuka rangi."

Mama alikuwa hatua chache tu, ndani ya jiko, anapuliza moto.

"Mama, babu anasema za upande wa juu zimeanza kugeuka rangi."

"Mwambie babu nimeziona. Mwambie ahsante."

"Babu, anasema ameziona, na ahsante."

"Mwambie asichelewe. Jua hili ni la kukopa."

Siku mbili tatu baadaye, asubuhi, mama alikuwa ameshanoa kisu cha kukatia kamba za matita na kutandaza mikeka, tunangoja tu kula uji tupande shambani. Tukasikia ukelele kwenye nyumba ya babu. Alikuwa ameketi nje kuota jua, wakadhani amesinzia.

Kwetu, mkubwa wa ukoo akifa, hakuna mkono wa ukoo unaogusa udongo mpaka matanga yaanuliwe. Hakuna kulima, hakuna kung'oa, hakuna kuvuna. Watu wanalala kwenye msiba, wanaota moto mmoja, na jembe linalala uvunguni. Siku ya mwisho watoto wote wa marehemu wakiwa wamefika, wananyolewa, majivu ya moto wa matanga yanafagiwa, na mkubwa aliyebaki anatoa ruhusa ya kushika jembe. Mwalimu wa kanisa alitukumbusha makaburini kwamba Wakristo hawafungwi na miiko, na kwamba baada ya kuzika kila mtu yuko huru kurudi kazini. Baba mkubwa, mzee wa kanisa, aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha akarudi akaketi kwenye moto wa matanga, na hakuna aliyenyanyuka.

Na si watoto wote wa marehemu waliokuwa wamefika. Baba hakuna aliyejua pa kumtafuta. Shangazi, binti yake mkubwa, alikuwa ameolewa Mbozi kwa wakulima wa kahawa. Mjumbe alitumwa kwa miguu kumwita. Tukakaa kumngoja.

Nimeona majua mengi tangu wakati ule, lakini sijapata kuona jua kama lile. Lilichomoza safi, likakaa juu mchana kutwa bila wingu, usiku ukaja umande mzito, asubuhi tena jua. Lilikuwa jua la njegere kabisa. Mama alipika kwa ajili ya waombolezaji kutwa nzima, sufuria baada ya sufuria, na kila alipoinama kuchochea moto shamba lake lilikuwa mbele ya uso wake, limegeuka njano kutoka juu mpaka chini. Njia ya kisimani ilipita kando yake. Mchana, jua likiwa utosini, ukipita pale ulisikia maganda yakipasuka. Tak. Kimya. Tak, tak. Niliweka mtungi chini siku moja nikasikiliza, nikaanza kulia, na mtu aliyekuwa nyuma yangu akanipapasa kichwa akasema, pole mwanangu, babu yako alikuwa mtu mwema. Nikaitikia ndiyo. Babu nilimpenda, lakini sikuwa nikimlilia babu.

Kuna jirani, mwanamke mjane asiye wa ukoo wetu, aliyemvuta mama nyuma ya jiko. Nilikuwa nakuna malenge, nikasikia.

"Dada, alfajiri kabla watu hawajaamka, ng'oa hata upande wa juu tu. Mimi nitakusaidia. Nani atajua?"

"Shamba litajua," mama akasema. "Kila anayekwenda kujisaidia anapita pale. Kesho wataona pako wazi."

"Na waone. Mwalimu amesema si mwiko."

"Amewaambia wao, hakuniambia mimi. Mimi nimetoka ng'ambo. Mume sina, mkwe amekufa asubuhi ile ile niliyonoa kisu. Nikigusa shamba hilo leo, kesho watasema nani alimuua?"

Jirani akaketi chini. Akachukua malenge mengine akaanza kukuna pamoja nami. Mama akarudi kwenye sufuria zake. Baadaye nilipokuwa mtu mzima na kujua midomo ya ukoo wetu ilivyo, nilimpa haki. Bora lawama kuliko fedheha, wanasema, ila kwa mgeni lawama ndiyo hiyo hiyo fedheha, tena ina mafimbo.

Nilimchukia shangazi kabla sijamwona. Kila mtu aliyejitokeza kwenye kilima cha njia ya Mbozi nilimkimbilia. Mara ni mfanyabiashara wa chumvi. Mara ni mtu na mbuzi wake. Mjumbe akarudi peke yake akasema anakuja, miguu imemvimba, anapumzika njiani. Baba mkubwa akasema tutangoja, baba yetu hazaliwi mara mbili. Watu wakatikisa vichwa kuonyesha kwamba ni maneno mazito. Mimi sikujua yana maana gani, na sijui mpaka sasa.

Alifika jioni, anachechemea, mwanamke mnene mwenye uso mpole, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni. Akajitupa juu ya kaburi. Na wakati wanawake wanamnyanyua, niliona upande wa ziwa, mbali kule Nyasaland, mstari mweupe umelala juu ya milima. Mama alikuwa ameuona kabla yangu. Alisimama na mwiko wa ugali mkononi, anauangalia, na hakuwa akilia hata kidogo, wakati wote waliomzunguka wanalia.

Kesho yake tulinyolewa ndani ya ukungu. Majivu yakafagiwa yakiwa yameloa. Baba mkubwa akasema, "Haya, shikeni majembe," na sauti yake ikatoka mahali ambapo hatukumwona.

Ile haikuwa mvua hasa. Mvua ingenyesha ikaisha. Ulikuwa ukungu wa kipupwe unaopanda kutoka ziwani, na ndani yake manyunyu membamba ambayo hayana sauti hata juu ya majani ya mgomba. Unatoka nje huoni kwamba kunanyesha, unarudi ndani nguo imeshika mwili. Ukungu huo ukikaa, unakaa. Siku ya kwanza mama alisema utaondoka mchana. Siku iliyofuata akasema tena. Watu wote walisema hivyo, na wote waliacha njegere zao zisimame, kwa sababu kung'oa njegere zilizoloa na kuzirundika ni sawa na kuzipika. Lakini wengine walikuwa na mahindi kihengeni. Sisi tulikuwa na kihenge kilichosiribwa vizuri.

Mwishowe tulizing'oa hivyo hivyo. Tulipanda mlima sisi watatu, matope mpaka kwenye magoti, mdogo wangu akiwa amejifunga blanketi jekundu. Zile zilizopasuka wakati wa jua punje zake zilikuwa chini, na zimeota. Ardhi yote ilikuwa kijani, vichipukizi vidogo vimeshikana, shamba limejipanda lenyewe wakati usiofaa. Tulikanyaga juu yake kuzifikia zilizobaki. Hizo nazo mashina yake yalikuwa yamelainika, ukivuta yanakatika mkononi. Mama alifungua ganda moja. Punje zilikuwa zimevimba, na kila moja imetoa mzizi mweupe ndani ya ganda, imejikunja, inatafuta pa kutokea. Akalifunga tena ganda, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alichokosea kuingia. Akasema, "Vuteni."

Tulizibeba matita kwa matita, tukazitundika darini juu ya moto, tukazipanga ukutani, tukazilaza hata kitandani. Tukalala chini. Mama aliwasha kuni mchana na usiku mpaka macho yetu yakawa mekundu. Nyumba ilijaa mvuke na harufu ya uchachu, ambayo mpaka leo nikiisikia mahali napoteza hamu ya kula. Tuliketi kumenya kwa mikono, punje moja moja, nzuri kihengeni, mbovu kule, na upande ule mbovu ukawa kilima. Tulizipika zilizoota, zikawa uji mchungu. Mdogo wangu aliula akautapika, akaombwa ale tena. Mama alimwomba Mungu kwa Kilambya, lugha ya kwao, jambo ambalo hakulifanya mbele yetu kwa kawaida. Dua la kuku. Nje palikuwa peupe kila mahali, huoni hata jiko.

Baba mkubwa alikuja wakati ukungu haujaondoka bado. Aliingiza mkono ndani ya kihenge, ukazama mpaka kwapani ndipo ukafika chini, akautoa. Kiganjani mlikuwa na punje nyeusi zimeshikana na utando mweupe. Akazitazama muda mrefu. Kisha akaketi pale pale chini, mgongo kwenye kihenge, akafuta kiganja kwenye suruali, na nikaona kwamba analia.

"Shemeji," akasema, "ningekuwa na namna."

"Ungeweza kutuacha tushike jembe," mama akasema. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akimjibu. Tena alimtazama usoni.

"Na ningekuwa mtoto gani kwa baba yangu?"

Walikuwa wote wawili wamekwisha sema kweli, na kweli hizo hazikutusaidia kitu.

Ikaamuliwa mdogo wangu abaki kwa baba mkubwa, na mimi niende na shangazi Mbozi, kwa kuwa yeye alizika watoto wake wote na nyumba yake ilikuwa na nafasi. Shangazi alinishika mashavu akasema tutalala kitanda kimoja, kwake kuna maziwa na kahawa. Nilimwambia sinywi kahawa. Akacheka, akafuta machozi. Alikuwa mwanamke mwema na alinilea vizuri, na nilikuwa mkorofi kwake mpaka siku alipokufa.

Siku ya kuondoka niliamka nikaona mwanga chini ya mlango. Nilitoka nje. Ukungu ulikuwa umeondoka wote, bonde liko wazi mpaka mtoni, na majani yote yamejaa umande unaong'aa. Tulipomaliza uji jua lilikuwa limeshapanda, kali, safi, ardhi inatoa moshi. Mama alinifunga nguo zangu ndani ya blanketi la baba. Mdogo wangu alishikwa na mke wa baba mkubwa ili asinifuate. Mama mwenyewe alikuwa aondoke siku inayofuata, kaka yake akifika kumvusha mto.

Shangazi alisimama uwanjani, akakinga macho kwa kiganja, akaangalia juu. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amekaa muda mrefu msibani na alikuwa na safari ndefu kwa miguu mibovu.

"Mungu ni mwema, wifi," akasema. "Ametupa jua la safari."

"Ni kweli, wifi," mama akasema.

Tulipofika juu ya kilima niligeuka. Mama alikuwa ameyatoa matita yote ndani, ameyatandaza kwenye uwanja wake wa kupuria, na anayageuza kwa uma wa mti ili jua lifike chini. Hakukuwa na punje hata moja ndani yake. Alikuwa akitembea polepole toka mwisho huu hadi mwisho ule, anageuza. Nilimwita. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma, upepo mzuri wa kupepetea, ukaichukua sauti yangu upande mwingine. Shangazi akanishika mkono akasema twende, jua lisije likatuchwea njiani. Sikumwona mama tena.